Majani Kwanza, Samaki Baadaye

Mbukwenyi wasomaji wangu. Toleo lililopita nilitaja kwa mistari mitatu tu tangi la samaki lililoko sebuleni kwangu hapa Kikuyu, nikaendelea na mambo mengine. Barua zilizokuja zimejaza bahasha mbili. Wengi mnauliza jambo moja: hivi kweli, kwa Dodoma hii ya mgao na ukavu, mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuwa na tangi la maji baridi lenye majani hai, si yale ya plastiki? Anaweza. Langu lina mwaka wa sita sasa. Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya shule ya sekondari, kwa hiyo mikono yangu imezoea vioo na vipimo, lakini nitakayoyaeleza hapa hayahitaji maabara. Yanahitaji ndoo mbili, na mtu anayejua kusubiri.

*Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa bodaboda, nimepanga chumba na sebule Nkuhungu. Nimeweka akiba ya shilingi 80,000. Tangi la dukani lenye taa yake limenishinda bei. Nataka lenye majani ya kweli. Nianzie wapi?*
Kijana wa Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Anzia kwa fundi wa vioo, yule anayetengeneza madirisha ya aluminiamu. Karakana zao huwa na kona ya vipande vilivyobaki, na vipande hivyo ndivyo tangi lako. Mwambie unataka urefu wa sentimita 60, upana 30, kimo 30, kioo cha milimita 5. Usiongeze kimo. Maji yakizidi kina ndipo yanapokisukuma kioo kwa nguvu, utalazimika kununua kioo kinene, na akiba yote itaishia hapo. Vipimo hivyo vinakupa lita 54 likijaa hadi ukingoni. Mwaka jana nilimtengenezea mjukuu wangu la ukubwa huo: vioo pamoja na kukatiwa vilinitoka shilingi 22,000, silikoni 8,000.

Kwenye silikoni uwe macho. Nunua ile isiyo na rangi, inayonuka siki wakati inakauka, na isome ubavuni. Ikiandikwa kwamba inazuia ukungu, irudishe. Hiyo ni ya bafuni, imetiwa dawa, na dawa hiyo itatoka polepole ndani ya maji na kuwamaliza samaki bila wewe kujua sababu. Kingo za kioo zipigwe msasa, kisha zifutwe kwa spiriti mpaka isibaki hata alama ya kidole, maana silikoni haishiki penye mafuta. Baada ya kuunganisha, liache siku saba kamili. Halafu lijaze maji ukiwa nje, tandika gazeti chini yake, liache siku mbili. Penye tundu hata la sindano gazeti litakuonyesha duara la unyevu. Heri ulione uani kuliko kwenye zulia.

Sasa fikiria uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza mchanga na kioo chenyewe, unafika kilo 75 hivi, sawa na mtu mzima aliyesimama mahali pamoja usiku na mchana bila kupumzika. Meza za mbao za kubandika, zile za kuwekea televisheni, hupinda katikati, na ikipinda meza kioo hupasuka. Matofali ya saruji na ubao mnene vinatosha, ukivifunika kwa kitenge panapendeza. Azima pima maji kwa fundi ujenzi, hakikisha kiputo kimekaa katikati pande zote mbili, kisha tandika kipande chembamba cha godoro kuukuu chini ya tangi ili chembe ya mchanga isikichome kioo.

Chini ya tangi mimi huweka udongo, juu yake mchanga. Udongo ndio mbolea ya majani kwa miaka, na ni wa bure. Chukua wa shambani pasipowekwa samadi wala mbolea ya dukani. Usichukue wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi, wala wa mahali penye weupe wa chumvi juu. Uchekeche, uloweke kwenye ndoo, mwaga maji yaliyo juu pamoja na vijiti vinavyoelea. Rudia mara tatu au nne. Utandaze unene wa sentimita 2, usizidi.

Mchanga ni ule ule wa mto wanaojengea mafundi. Hapa ndipo kijana asiye na subira huharibu kazi. Nilipouosha wangu nilitia robo ndoo, nikamimina maji, nikaingiza mkono na kukoroga. Maji yakawa kama uji wa ulezi. Nikamwaga, nikarudia. Mara ya tano yalikuwa kama chai ya maziwa, ya nane kama maji ya mchele, na mara ya kumi na moja nikaziona kucha zangu chini ya ndoo. Hapo ndipo mchanga umeoshwa. Maji ya kuoshea yalikwenda kwenye mipapai, hakuna tone lililopotea. Ufunike udongo wote kwa sentimita 3 za mchanga huo. Unapojaza maji, weka sahani juu ya mchanga na umimine juu ya sahani taratibu, la sivyo udongo utaibuka nawe utaanza upya.

Taa ni balbu ya kawaida ya LED, wati 10 hivi, nyeupe, yenye maandishi 6500K kwenye boksi. Ining'inize sentimita 15 au 20 juu ya maji. Iwake saa nane kwa siku, basi. Mimi nawasha saa nane mchana, nazima saa nne usiku, ili jioni nikirudi kukaa nilikute linang'aa. Balbu hiyo inakula uniti 2.4 za Luku kwa mwezi. Ongeza pampu ndogo ya hewa yenye chujio la sponji, wati 3 zikiwaka mchana na usiku, uniti 2 na kidogo. Pampu iwekwe juu ya usawa wa maji. Ikiwa chini, umeme ukikatika maji hurudi kupitia mrija, yanaiua pampu, na sakafu inalowa.

Hesabu yako, basi: kioo na silikoni 30,000, balbu na kishikizo chake 7,000, pampu na sponji 20,000. Unabaki na 23,000. Usiziguse kwa samaki. Nunua majani kwanza, jaza tangi hata uone yamezidi, kisha kaa nalo mwezi mzima likiwa halina samaki hata mmoja. Sababu nimeieleza kwenye barua ya Chamwino hapa chini.

*Dada, kwetu maji hutoka mara mbili kwa wiki, na birika langu limejaa magamba meupe. Maji ya namna hii yatafaa kweli? Na ya kubadilisha kila mara nitayatoa wapi?*
Mama wa watoto watatu, Ipagala

Mdogo wangu, hayo magamba usiyachukie. Mji wetu unapata maji mengi kutoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Maji yaliyokaa ardhini hubeba madini, na madini ya chokaa yanapopashwa moto hujitenga na kuganda kwenye birika. Ndiyo maana pia sabuni hugoma kutoa povu. Haya huitwa maji magumu. Watu wengi huyaita maji chumvi, lakini ni mambo mawili: maji ya chumvi unayajua kwa ulimi, maji magumu unayajua kwa birika.

Mmea wa majini unahitaji kaboni kama sisi tunavyohitaji ugali. Mingi huipata kwenye hewa ukaa iliyoyeyuka ndani ya maji, nayo huwa kidogo. Lakini iko mimea inayoweza kuinyofoa kutoka kwenye bikaboneti, na bikaboneti ndiyo hiyo inayozaa magamba ya birika lako. Mmoja ni Vallisneria, wenye majani marefu membamba, wajukuu wangu wanauita utepe. Mwingine ni Ceratophyllum, hauna mizizi, unaelea kama mkia wa paka, na hilo ndilo jina lake nyumbani kwetu. Kwa mimea hii miwili maji ya Dodoma ni shamba lenye rutuba. Kwa upande wa samaki, gapi na moli wanayapenda maji magumu kuliko yale laini. Kosa la wengi ni kutamani neoni, samaki wa mito ya Amazon aliyezoea maji laini, kisha kununua madawa ya kuyageuza maji yawe ya kwao. Fedha hizo hazina mwisho. Chagua viumbe wanaoyapenda maji uliyo nayo.

Kuhusu wingi wa maji, usiogope. Mwezi wa kwanza badilisha robo ya tangi kila wiki, yaani lita 13 hivi, hata dumu moja halijai. Majani yakishakamata, mara moja kwa wiki mbili inatosha. Maji machafu ya tangi ni mbolea, yapeleke kwenye mchicha. Yale mapya yaweke kwenye ndoo iliyo wazi saa 24 ili klorini itoke, na ndoo hiyo isijue sabuni maisha yake yote. Iandike kwa rangi: YA SAMAKI.

Jambo moja la hapa kwetu lazima nilisisitize. Kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, upepo wetu mkavu unakunywa maji ya tangi. Langu hushuka upana wa vidole viwili kwa wiki. Yanayoruka ni maji matupu, madini yanabaki. Ukijazia maji magumu kila wiki, unaongeza madini juu ya madini, na utauona mstari mweupe kwenye kioo. Kwa hiyo jazia maji ya mvua. Kati ya Desemba na Aprili kinga ya kwenye bati, ukiacha mvua mbili tatu za mwanzo zioshe vumbi, uhifadhi madumu mawili gizani. Yakikuishia, chemsha ya bomba, yaache yapoe na kutuama, mimina ya juu tu. Chokaa nyingi itakuwa imebaki kwenye sufuria.

*Nilinunua samaki kumi, nikawaweka siku hiyo hiyo kwenye tangi jipya lenye maji masafi kabisa. Wiki haijaisha, wamekufa wanane. Muuzaji anasema nimewalisha vibaya. Je, ni kweli?*
Msomaji wa Chamwino

Pole sana. Najua ulivyojisikia asubuhi ulipowakuta. Tangi langu la kwanza nililijaza Jumamosi, Jumatatu nikaweka gapi 12. Siku ya tano walikuwa juu wote, midomo imegusa uso wa maji, wanahema. Siku ya saba walibaki wawili. Tuliwazika chini ya mpapai na mjukuu wangu, akaniuliza, "Bibi, si uliwapa maji masafi?" Maji yalikuwa masafi, ndiyo. Usafi ule ndio uliowaua.

Samaki anakojoa na kupumua amonia ndani ya maji yale yale anayoishi. Amonia inaunguza matamvua. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia na majani wanaila. Bakteria hao hukaa kwenye sponji, mchanga, majani na kuta za kioo. Kwenye tangi jipya hawapo bado. Wanahitaji wiki nne hadi sita kuenea. Tena maji magumu kama yetu mara nyingi huwa na hali ya ualkali, na kwenye ualkali amonia huwa kali zaidi. Ndiyo maana Dodoma haitusamehi tukiharakisha.

Wawili waliobaki unaweza kuwaokoa. Badilisha robo ya maji kila siku kwa wiki mbili, walishe siku moja na kuruka moja, na weka majani mengi leo, si kesho. Majani huitaka amonia kuliko hata nitrati, kwa hiyo yanakufanyia kazi wakati bakteria wanazaliana. Na kama una rafiki mwenye tangi la muda mrefu, mwombe akamulie sponji yake kwenye tangi lako. Maji yatachafuka kahawia kwa nusu saa. Ule uchafu ni hazina. Ukianza upya siku nyingine, tia kila siku mbili chembe za chakula cha samaki kwenye tangi tupu zioze. Bakteria nao wanahitaji cha kula kabla wageni hawajafika.

Muuzaji hakukosea sana juu ya chakula, ila hilo ni la pili. Kwa siku lisha mara moja, kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Mimi nawapa dagaa wasiotiwa chumvi, niliowaosha mchanga, nikawakausha tena na kuwatwanga hadi wawe unga, na mara moja kwa wiki kiini cha yai la kuchemsha, kiasi cha kichwa cha kiberiti.

*Nimeona watu wanachanganya hamira na sukari kwenye chupa kupata gesi ya majani. Nijaribu?*
Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

Acha, mwanangu. Gesi inatoka kweli, ni hewa ukaa, lakini huwezi kuifunga usiku, inaweza kuwazidi samaki wakati taa imezimwa, na chupa ikiziba hupasuka. Kwa utepe na mkia wa paka huihitaji. Sukari hiyo tia kwenye chai yako.

*Mwalimu mwenzangu, huku Bahi mvua zikinyesha, kwenye madimbwi ya kando ya barabara watoto huokota visamaki vya urefu wa kidole gumba. Madume yana rangi nyekundu na buluu ya ajabu, majike ni ya kahawia tu. Dimbwi hilo Septemba lilikuwa vumbi tupu. Watoto wanasema wameshuka na mvua. Ni samaki gani, na wanaweza kuishi kwenye tangi?*
Mwalimu wa shule ya msingi, Bahi

Barua hii niliisoma mara mbili nimesimama. Ndugu yangu, ulivyoeleza inanielekeza kwenye samaki wa jenasi ya Nothobranchius. Tanzania ina aina nyingi za hao, na nyingine hazipatikani popote duniani ila kwetu. Hawakushuka na mvua. Walikuwepo humo humo kwenye vumbi, wakiwa mayai. Jike hutaga ndani ya matope wakati dimbwi lina maji. Dimbwi likikauka wazazi wote hufa, lakini mayai hubaki yamelala kwenye udongo mkavu kwa miezi, ukuaji wake umesimama. Mvua ikirudi huanguliwa, na wiki chache tu baadaye wamekomaa na wanataga. Maisha yao hayafiki mwaka. Kuna aina moja ya kusini mwa Afrika, Nothobranchius furzeri, ambayo wanasayansi wanaifuga maabara kuchunguza uzee, kwa sababu samaki huyo huzeeka ndani ya miezi michache.

Wafundishe watoto hilo ubaoni, kisha wapeleke dimbwini wakati wa kiangazi, waonyeshe ule udongo uliopasuka, waambie hapa chini pana samaki. Darasa hilo halitasahaulika.

Kuwafuga inawezekana. Chukua dume moja na majike mawili, yaliyobaki yaacheni. Madume mawili kwenye tangi dogo hupigana. Funika tangi kwa wavu, maana wanaruka. Mara nyingi hukataa unga wa dagaa, wanataka kinachocheza, hivyo wapeni viluwiluwi vya mbu, na hilo nalo ni faida kwa kijiji. Hawatazaliana kama gapi, kwa kuwa mayai yao yanataka kukaushwa ndipo yaanguliwe. Nawaomba mambo mawili kwa uzito wote. Msimwage gapi au samaki mwingine wa dukani kwenye dimbwi hilo, hata kama ni kwa nia ya kupunguza mbu. Na mkisikia dimbwi linataka kufukiwa kwa kifusi, semeni mapema, kwa sababu pale panapoonekana kama shimo la vumbi ndipo kizazi kizima kilipolala. Na majani mkiyachukua kwenye mashamba ya mpunga, yaosheni sana. Dawa za wadudu hubaki.

*Je, naweza kutumia maji ya Ziwa Singidani? Niko karibu nalo.*
Msomaji wa Singida mjini

Hapana. Singidani na jirani yake Kindai ni maziwa ya chumvi. Mimea ya maji baridi ikitiwa humo hunyonywa maji yake, hulegea na kuoza. Tumia ya bomba au ya mvua.

*Mama shikamoo. Naogopa baridi ya Juni na Julai, na umeme ukikatika usiku. Hita sina uwezo nayo.*
Msichana wa Miyuji

Marahaba binti yangu. Wageni hudhani Dodoma ni joto mwaka mzima, lakini tuko mita 1,100 hivi juu ya bahari, na usiku wa Julai unauma. Asubuhi moja kipimajoto kwenye tangi langu kilisoma nyuzi 19. Gapi walikuwa wamelala karibu na mchanga, wazito, lakini saa nne jua lilipopasha nyumba wakaamka wote. Wanavumilia hivyo ilimradi baridi isije ghafla. Zungushia pande tatu blanketi kuukuu usiku, acha juu paweze kupumua. Liweke mbali na dirisha la upande wa upepo. Ukiongeza maji, pasha kidogo yalingane na ya tangi, uhakikishe kwa kuchovya kifundo cha mkono kama unavyopima maji ya kuogea mtoto. Na siku za baridi punguza chakula nusu.

Umeme ukikatika usilishe. Chota maji kwa kikombe, yamimine kutoka juu kimo cha shubiri, mara ishirini hivi, kila baada ya saa moja au mbili. Hewa inaingia. Tangi lenye majani mengi na samaki wachache hupita usiku bila tatizo. Lenye samaki arobaini halipiti, na ndiyo sababu nakuomba uanze na gapi sita, jike wanne na dume wawili. Jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, vitoto ishirini au zaidi kwa mara moja. Usijisumbue kuongeza, wataongezeka wenyewe mpaka uanze kugawa.

*Mwanangu, mimi ni mvuvi mstaafu wa Hombolo. Kwa nini ununue samaki wakati perege wapo bwawani? Niwaletee wajukuu vitoto vya perege?*
Mzee wa Hombolo

Shikamoo baba. Perege ni samaki mzuri wa bwawani na wa sufuriani, lakini kwenye lita 54 atateseka. Anakua haraka, anachimba mchanga kutafuta mahali pa kutaga, na ataibua ule udongo wote tuliouficha chini. Majani laini atayala. Wajukuu wakimtaka perege, wachimbieni bwawa dogo la saruji uani, kivulini.

*Tangi langu la wiki tatu limekuwa kijani kama supu ya mchicha. Nimebadilisha maji yote mara nne, linarudi. Tena kwenye mchanga yanatoka mapovu.*
Msomaji wa Kisasa

Liko karibu na dirisha la magharibi, au sivyo? Jua la saa kumi la Dodoma ni kali kuliko taa yoyote, na mwani unaoelea unalifurahia. Lisogeze, punguza taa iwe saa sita kwa siku, ongeza mkia wa paka mpaka ufunike nusu ya uso wa maji. Acha kabisa kubadilisha maji yote, unawafukuza bakteria unaowahitaji. Majani yakishaanza kukua kwa kasi yanamnyima mwani chakula, na siku moja utaamka uone ukuta wa nyuma.

Mapovu si mabaya. Udongo unapumua, na huendelea kwa mwezi mmoja au miwili. Chukua kijiti cha mshikaki, choma mchanga taratibu hapa na pale mara moja kwa wiki. Ukisikia harufu ya yai bovu, choma zaidi, pengine udongo ni mwingi mno mahali hapo. Kuna mapovu mengine natamani uyaone. Tangi likikomaa, taa ikiwa imewaka kwa muda wa saa tatu au nne, tazama ukingo wa jani la utepe kwa karibu, pua ikigusa kioo. Utaona shanga ndogo za fedha zimejipanga, moja inaachia na kupanda juu kwa mstari ulionyooka, nyingine inazaliwa pale pale. Hiyo ni oksijeni. Jani limeshiba mwanga na linatoa pumzi. Nilifundisha jambo hilo kwa mirija ya maabara kwa miaka mingi, lakini la sebuleni kwangu bado huniweka kwenye kigoda mpaka chai inapoa.

*Majani yenyewe nayapata wapi? Sokoni nimezunguka, hakuna.*
Wengi wenu: Makole, Kongwa, Mpwapwa, Nzuguni

Hili ndilo gumu kweli. Wengine huchuma bwawani. Mkifanya hivyo, msiingie majini miguu mitupu, kwa sababu konokono wa maji yaliyotuama wanaweza kuwa na kichocho, na msilete konokono hao nyumbani wakiwa wameng'ang'ania majani. Vaeni glavu, toeni kila konokono na mayai yake, kisha lowekeni majani kwenye maji yenye shabu, ile ya kutakatishia maji, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, saa mbili au tatu, halafu suuzeni mara kadhaa kwa maji safi. Gugu maji lenye maua ya zambarau msilichukue kabisa. Kila mtu anajua lilivyoitesa Ziwa Victoria. Na majani yoyote ya tangi mkiyapunguza, yakaushwe juani au yafukiwe shambani, yasitupwe kwenye korongo wala bwawa.

Ila njia nzuri ni kupewa. Utepe hutoa vitoto kwa vishina vinavyotambaa, kama viazi vitamu. Mkia wa paka ukikatwa kipande cha shubiri, kila kipande ni mmea mpya. Mimi kila mwezi natoa kikapu kizima, na mpaka sasa kimekuwa kinakwenda kwenye shimo la mboji. Kuanzia mwezi huu nitaacha vifungu kwenye ofisi ya gazeti hili kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ni bure. Njoo na kopo lenye mdomo mpana na maji kidogo, na uje asubuhi kabla jua halijawa kali. Utepe usishtuke ukiona majani yake ya zamani yanayeyuka wiki mbili za kwanza. Usiung'oe. Tazama katikati ya shina, chini kabisa karibu na mchanga, utaona ncha mpya ya kijani isiyozidi ukucha.